Mnara Usio na Unyoya

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Nilisimuliwa na mtu ambaye naye alisimuliwa, nami nitawapa kama nilivyopewa. Mwenye kubisha na abishe nikishamaliza.

Inaitwa Njiamoja, kwa kuwa ina njia moja tu. Njia hiyo inaingia kutoka kwenye vilima ambavyo hakuna mwenyeji aliyewahi kuvipanda, inapindapinda katikati ya nchi, na kuishia kwenye uwanja wa taa. Kila nyumba ya Njiamoja ina taa yake pale uwanjani, imewaka tangu nyumba ilipoanza. Na kwa njia hiyohiyo, kila baada ya muda usiotabirika, huja Wajao.

Wajao ni warefu, wamevaa chuma mwili mzima, hawasemi wala hawageuki nyuma. Wanafuata njia na hawatoki nje yake hata kidogo. Wanachotaka ni taa. Mmoja wao akifika uwanjani akaigusa taa, taa huzimika na yeye huanguka palepale. Lakini aliyekuwa chini ya paa la nyumba ile saa hiyo huwasahau watu wake wote. Anabaki mzima, anakula, anacheka, ila mwanawe akimsalimia anamwitikia kama unavyomwitikia mtu wa njiani. Na taa iliyozimwa hivyo haiwaki tena. Aliyekuwa nje ya nyumba anabaki na kumbukumbu zake zote, na wenyeji wanasema huyo ndiye aliyepata hasara kubwa zaidi.

Huko ndiko alikofika Hatibu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kupenda kuuliza na kupenda zaidi kujibiwa vizuri. Alifikaje, hilo halina maana. Alifika, akapokelewa na Jemadari Kitwana, mlinzi wa mnara wa kwanza, akatandikiwa mkeka na kuchinjiwa kuku.

"Kwa nini hamuizibi njia?" Hatibu aliuliza, wali ukiwa bado mdomoni.

"Ikizibwa watapita popote," Kitwana alijibu. "Sasa hivi angalau tunajua wanapopita."

"Na taa, kwa nini hamzihamishi?"

Kitwana alimtazama kwa masikitiko, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Zikihamishwa," alisema, "hii minara itabaki na kazi gani?"

Hatibu aliona jibu hilo lina uzito, akaendelea kula. Mimi sisemi kitu.

Minara ilikuwa imesimama kando ya njia kutoka vilimani hadi karibu na uwanja. Wa Kitwana uliitwa Mlangoni, na ulikuwa mrefu kuliko yote. Uta wake ulikuwa na mikono mitatu, ngazi zake zilikuwa za chuma, na juu kabisa palikuwa na kengele isiyolia, iliyowekwa kwa heshima tu. Kitwana alimweleza mgeni wake jinsi mnara unavyopata vifaa hivyo. Mkumbo wa Wajao ukishapita, chuma cha walioanguka huokotwa na kuyeyushwa, nacho hutosha kuongeza kifaa kimoja katika mnara mmoja. Kifaa hicho wanakiita nyongeza. Ikishafungwa haifunguliwi. Hiyo ni sheria, na mtu asifikirie kuibembeleza.

"Na nani anaamua mnara upi upewe?"

"Manyoya," alisema Kitwana.

Kila mnara una mishale yenye manyoya ya rangi yake. Mkumbo ukiisha, anatoka mzee Sufiani, ambaye cheo chake ni Msoma Manyoya, anatembea njiani na kutazama kila Mjao aliyelala. Mshale uliomwangusha ndio unaohesabiwa. Unyoya ukiwa mwekundu, Mjao huyo ni wa Mlangoni. Mnara wenye manyoya mengi ndio unaostahili nyongeza, maana umeonyesha unaweza kuitumia. Hatibu alitafuta kasoro katika utaratibu huo asiione. Kwao alikotoka mambo kama hayo yaliamuliwa kwa kujuana, na huu uadilifu wa manyoya ulimgusa moyo.

Kesho yake alitembezwa. Mbele kidogo ya Mlangoni waliukuta mnara mwingine ambao uta wake ulifunikwa kitambaa cha hariri, umefungwa kwa vifundo vingi. Walinzi wake walimweleza kwa fahari kwamba hakuna uta mzuri kama ule nchi nzima, na kwamba haujawahi kutumika.

"Tunauwekea siku kubwa," walisema. "Ukitumika ovyo utakwaruzika."

Ndipo Hatibu alipouliza kuhusu kibanda alichokiona chini ya Mlangoni, pale njia inapokata kona, kikitoa moshi. Kitwana alisema kile nacho huhesabiwa kuwa mnara, kwa desturi tu. Hatibu akaomba ashuke akione.

Alimkuta mwanamke anakoroga utomvu ndani ya sufuria kubwa la shaba, kubwa kiasi cha kumwingiza mtu na mzigo wake. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni na utomvu uliogandia humo miaka na miaka. Aliitwa Zawena. Alimpa Hatibu maji ya kunywa kabla hajaombwa, akaendelea na kazi.

"Shikamoo za watu wa juu sipati mara nyingi," alisema. "Karibu."

"Ahsante. Na huu utomvu ni wa nini?"

"Wakija naumwaga pale konani. Wanakanyaga, miguu inanata."

"Halafu wanakufa?"

"Hapana. Nawachelewesha tu."

"Una manyoya ya rangi gani?"

"Sina unyoya, kaka. Utomvu hauna unyoya."

Hatibu alitazama kote kibandani akitafuta kitu cha kusifia, kama mgeni mwenye adabu anavyofanya, akakosa. Akamwuliza kwa nini alichagua kazi ile, kwa kuwa ilionekana chafu na haina shukrani.

Zawena aliacha kukoroga. "Taa ya mbele kabisa pale uwanjani ni ya mama yangu, Bi Kidawa. Mjao wa kwanza kufika ataigusa ile. Mama hatoki nyumbani siku hizi, miguu imemchoka. Sina ndugu mwingine." Akarudi kwenye mwiko wake. "Mimi sikuja hapa kwa kupenda utomvu."

Maneno hayo Hatibu aliyasikia vizuri kabisa. Naomba mlikumbuke hilo, maana baadaye wapo waliomtetea kwamba hakujua.

Wiki ile Baraza la Nyongeza lilikaa. Chuma cha mkumbo uliopita kilikuwa kimelala ghalani, na mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilitaka Mlangoni ipewe Ngurumo, mtambo wa kurusha majabali ambao haujapata kuonekana. Ngurumo ilihitaji chuma chote, na kwa ekseli yake ilihitaji shaba, na shaba nchini ilikuwa moja tu, lile sufuria la Zawena. La pili lilitaka Zawena aongezewe sufuria jingine. Hili lililetwa na mjumbe mmoja wa upande wa uwanjani, mama mwenye sauti ndogo. Zawena mwenyewe alikaa nje ya ukumbi. Mnara usio na unyoya hauna sauti barazani.

"Waheshimiwa," alisema yule mjumbe, "mimi naomba tujiulize jambo moja. Mlangoni inawaangusha wapi? Ni palepale konani, wakiwa wamenata."

Sufiani alisimama taratibu. Alikuwa mzee mkweli, hajawahi kudanganya unyoya hata mmoja, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito. "Nimesoma manyoya tangu ujana wangu," alisema. "Nimeona mekundu, nimeona ya kijani, nimeona ya manjano. Sijamwona Mjao aliyekufa kwa kunata. Anayemjua anionyeshe."

Kweli hakuna aliyemjua.

"Wanaokufa wanakufa kwa mishale," Sufiani aliendelea. "Mkinipa utomvu nihesabu, nihesabu nini? Kuchelewa? Nani kati yenu amewahi kukuta kuchelewa kumelala njiani?"

Kura zilipigwa, zikagawanyika nusu kwa nusu. Hapo ndipo Hatibu alipoijua desturi ya kale zaidi ya Njiamoja. Kura zikilingana, anaamua mgeni, kwa kuwa mgeni hana nyumba wala taa wala upande. Na mgeni akishaamua, anakwenda kukaa katika mnara ule alioukataa hadi mkumbo unaofuata upite, ili alione kwa macho yake alilolifanya. Watu wote walimgeukia. Mwenyekiti wa Baraza alimwomba radhi kwa usumbufu.

Hatibu alikuwa na moyo mzuri, na siku ile moyo huo ulimponza. Alimfikiria Bi Kidawa asiyeweza kutoka ndani. Alifikiria zile hatua zote kati ya kona na uwanja, akajiambia kwamba njia ya uhakika ya kumlinda mzee wa watu ni kuwamaliza Wajao mlangoni kabisa, wasipate hata nafasi ya kuchelewa. Akamkumbuka Zawena anavyosema "nawachelewesha tu". Mwenye kazi mwenyewe ameidharau kazi yake, yeye mgeni ataitukuzaje?

"Ngurumo," alisema.

Walimpigia makofi. Kitwana alimkumbatia mbele ya watu.

Sufuria lilichukuliwa siku hiyohiyo. Wanaume wanne walilibeba likiwa bado vuguvugu. Zawena alisimama kando akiwapisha, akawaonyesha pa kushika ili wasiungue. Halafu akamwona Hatibu anakuja na kifurushi chake, kama sheria ilivyotaka.

Hatibu alitarajia kutukanwa na alikuwa tayari. Zawena alisogeza kigoda. "Kaa," alisema. "Kura ilikuwa yako na umeipiga. Sasa tutafute vyungu."

Walitafuta vyungu. Vyungu vya udongo havistahimili moto wa utomvu. Cha kwanza kilipasuka kabla utomvu haujalainika, cha pili vilevile. Vidogo walivyovipata vilistahimili kidogo, ila utomvu wa chungu kidogo unatosha kutandaza mkeka mmoja, na ile njia ni pana. Ilikuwa katika siku hizo za kubeba kuni na kunusa moshi ndipo Hatibu alipoanza kuielewa kona. Njia pale inateremka. Mtu akitembea mwendo wa kawaida anaipita kona kabla hujamaliza kuvuta uta. Alijaribu mwenyewe kuipita, mara kwa mara, akitazama juu Mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza Zawena hatimaye.

"Nilikwambia nawachelewesha."

"Ulisema 'tu'. Ulisema 'nawachelewesha tu'."

Zawena alifikiri. "Kweli nilisema hivyo," alikiri. "Hapa ukikaa miaka mingi unaambiwa huna kitu, na wewe unaanza kuongea kama wao." Uso wake ulikuwa mkavu, ila mwiko mkononi ulikuwa umesimama. "Hatibu, naogopa. Sijawahi kuogopa nikiwa na sufuria langu."

Hatibu alipanda Mlangoni akamsihi Kitwana arudishe angalau uta wa zamani. Haikuwezekana. Uta wa mikono mitatu ulikuwa umeshushwa ili kupisha Ngurumo, na nyongeza ikishafungwa haifunguliwi. Kitwana alimwambia asiwe na wasiwasi. Alimwonyesha majabali yaliyopangwa vizuri, yote yamepakwa rangi nyekundu kwa ajili ya Sufiani.

Wajao wakaja, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Hakukuwa na kelele. Walitokea tu vilimani wakiwa safu ndefu, wakateremka. Zawena na Hatibu walimwaga walichokuwa nacho. Wa mbele walikanyaga, wakasita kidogo, wakaendelea.

Juu yao Ngurumo iliunguruma kweli, hilo siwezi kuwanyima. Ardhi ilitetemeka. Jabali liliruka juu sana, likakaa huko kitambo, likaja kuanguka mahali Wajao walipokuwa. Wenyewe walikuwa wameshapita. Kitwana na watu wake walianza kuuzungusha tena ule mtambo, wote kwa pamoja, mishipa imewatoka shingoni, na walipomaliza nusu ya safu ilikuwa imevuka kona. Jabali la pili liliwapata kadhaa wa nyuma. La tatu nalo likawapata waliosalia mkiani.

Kule mbele, walinzi wa uta wa hariri waliona kwamba siku kubwa imefika. Walianza kufungua vifundo. Walivifungua kwa uangalifu, maana kitambaa kile kilikuwa cha babu zao, na walipomaliza mmoja wao alikuwa bado anakikunja wakati Mjao wa mwisho anawapita. Minara iliyobaki, ambayo haikuwa imepata nyongeza tangu ijengwe, ilirusha mishale yake ya mbao kwenye chuma. Ilidunda.

Zawena alikimbia. Alikimbia pembeni mwa njia, sambamba nao, akipiga kelele kumwita mama yake atoke ndani. Angetoka, angebaki akimjua. Hatibu alimfuata hadi pumzi ikamkatika. Kutoka pale alipoanguka aliona Mjao wa kwanza anafika uwanjani, ananyoosha mkono polepole, na taa ya mbele inazimika. Zikazimika na nyingine nyuma yake. Bi Kidawa alikuwa ameshafika kizingitini mwa nyumba yake kando ya uwanja, ameshika fremu ya mlango, mguu mmoja bado ndani.

Sitaeleza uso wa Zawena. Aliyenisimulia alifika hapa akanywa maji kwanza.

Baraza lilikaa baada ya matanga, maana Njiamoja hukaa matanga hata kama hakuna aliyekufa. Sufiani alisoma njia yote kwa uaminifu wake uleule. Matokeo yalikuwa wazi. Walioanguka kwa jabali jekundu walikuwa wachache, ila minara mingine haikuangusha hata mmoja. Kwa hiyo Mlangoni iliongoza, na iliongoza kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana. Chuma kikapewa Mlangoni. Mjumbe mmoja alieleza kwa kirefu kwamba Ngurumo haikuwa na kosa lolote ila udogo.

Hatibu alisimama. "Nimekaa konani," alisema. "Niliwaona wakipita. Hatukuwa na cha kuwashikia. Mimi ndiye niliyeamua, nami nawaambia niliamua vibaya."

Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. "Ulipoamua ulikuwa mgeni," alisema, "na mgeni tunamsikiliza. Aliyekaa mnarani mkumbo mzima ameshakuwa mwenyeji, na mwenyeji huongea kwa manyoya ya mnara wake. Mzee Sufiani, mnara wa kona una mangapi?"

"Hauna," alisema Sufiani kwa upole, akiwa na huzuni ya kweli.

Hatibu akaketi. Hakuondoka Njiamoja. Hakuna aliyemzuia, lakini aendako angekwenda na ile kona kichwani. Alijifunza kufinyanga. Yeye na Zawena wanachanganya udongo na changarawe wakitafuta chungu kikubwa kitakachostahimili moto, na hadi aliyenisimulia anaondoka, vilikuwa bado vinapasuka. Siku moja walimwona mgeni mpya akipita njiani, mtu mwenye uso mwema, akiinua shingo kutazama Mlangoni. Hatibu alimwita. Mgeni alimpungia mkono, akaendelea kupanda kwa Kitwana, ambako kuku alikuwa ameshachinjwa.

Kila asubuhi, kabla ya udongo na kuni, Zawena hupita kwa mama yake. Hubisha hodi kwenye nyumba alimozaliwa. Bi Kidawa humwitikia, "Karibu, mgeni," na kumpisha, naye Zawena huingia, huwasha moto, humpikia uji na kumkanda miguu. Hatibu humsubiri kizingitini na mzigo wa kuni. Aliambiwa aingie, hajaingia hata mara moja.

Asubuhi moja Bi Kidawa alimtazama sana huyu mwanamke mwenye mikono myeusi aliyekuwa anampozea uji.

"Wewe binti una moyo," alisema. "Una mama?"

"Ninaye," alisema Zawena.

"Yuko mbali?"

Zawena alikoroga uji kwanza. "Hayuko mbali."

"Basi nenda ukamwone, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Usiwe unamaliza asubuhi zako kwa watu usiowajua. Atakuwa anakungoja."

"Nitakwenda," alisema Zawena, akampa kijiko.